Nukta ya Fundi

Mume wangu ana tabia moja ya kuudhi: hawezi kukalia kiti cha watu kabla hajakigeuza juu chini. Tukialikwa mahali, salamu hazijaisha keshainama anachungulia miguu ya meza, na mimi niko nyuma yake namvuta shati. Ni seremala. Tena ni seremala hodari, nasema hivyo mimi ambaye humkasirikia kuliko mtu yeyote duniani. Milango yake hufunga kwa kusukuma kidole kimoja, na droo zake hazigomi hata msimu wa mvua mbao zinapovimba. Wateja wamembandika jina la Rula, naye hulipenda, ingawa akiitwa hujifanya hajasikia mpaka waite mara ya pili.

Karakana yetu ni banda la bati lenye milango miwili mipana, kando ya barabara iendayo shuleni. Upande wa kushoto yuko fundi wa vioo ambaye kila mtu anamwita Kioo. Mume wangu anapima, anakata na kuunga. Mimi napiga msasa na kupaka vanishi. Kwa hiyo asubuhi mpaka jioni nipo pale, uso umejaa vumbi la mbao, na hakuna linalotokea mle ndani nisilolijua.

Moja nililolijua mimi peke yangu ni kwamba mume wangu aliacha shule darasa la nne. Baba yake alifariki, nyumba ikakosa mtu wa kuitegemeza, mjomba wake akamchukua na kumfundisha useremala. Watu wakimuuliza husema alimaliza shule ya msingi. Binti yetu alijua hivyo, na mimi sikuwahi kufungua mdomo. Kila nyumba ina vitu vyake vya kufunika.

Sasa huyo mjomba alikuwa na namna yake ya kuandika vipimo, na ndiyo iliyokuja kutuletea balaa. Mafundi wetu hupima kwa inchi, na kila inchi wameigawa mara nane. Kila kipande kimoja cha hivyo vinane wanakiita suti. Hiyo ni suti ya fundi, siyo ile ya kuvalia harusini. Nusu inchi ni suti nne, robo ni suti mbili. Mjomba alipopima inchi kumi na nne na suti tatu, aliandika kwenye ubao kwa penseli: 14.3. Nukta ilikuwa mpaka tu: huku inchi, huku suti. Vijana wake wote walishika hivyo, wakaenda kufungua karakana zao na kufundisha wengine hivyo hivyo. Mume wangu ameandika nukta hiyo maisha yake yote na hakuna mlango uliowahi kukataa kuingia kwenye fremu yake.

Desimali hufundishwa darasa la tano. Ndiyo maana nimetaja habari za darasa la nne.

Kitu alichokuwa akijivunia mume wangu hakikuwa milango. Alijivunia kwamba binti yake, akiwa na swali la hesabu, alimletea yeye. Mtoto alitoka shule, akaja moja kwa moja karakana, akakaa kwenye benchi la mbao chakavu na kufungua daftari. Baba yake aliacha msumeno popote ulipofikia. Hata mteja angekuwa amesimama pale anahema kwa hasira, angesubiri. Walipokuwa wanasoma sehemu, nusu na robo na thumuni, yule mtu aling'ara. Alivuta tepu yake ya kupimia na kumwonyesha: hii hapa robo, hii hapa tatu ya nane, zijumlishe, umepata ngapi? Mtoto akaenda shuleni akawa wa kwanza. Basi nikawa nasikia jambo hilo kila siku, mpaka nikawa najua lini linakuja nikatafute maji ya kunywa.

Halafu zikaja desimali.

"Baba, nusu kwa desimali ni ngapi?"

"Desimali ndiyo nini?"

"Zile za nukta."

"Aa, za nukta! Ungesema mapema. Nusu ni suti nne. Sifuri nukta nne."

"Na robo?"

"Nukta mbili."

"Robo tatu?"

"Nukta sita."

"Tatu ya nane?"

"Hiyo nayo ni ya kuuliza? Nukta tatu."

Mtoto akaandika yote, akapiga mistari chini kwa rula. "Kumbe ni rahisi hivi?"

"Hesabu ni rahisi, mwanangu. Wanaozifanya ngumu ni walimu."

Mimi wakati huo nilikuwa nyuma na mashine ya msasa inanguruma. Hayo nilisimuliwa baadaye, na jinsi nilivyosimuliwa ndivyo kila kitu kilivyoharibika.

Ilikuwa jioni ya kesho yake, tunakula. Binti yetu hakugusa chakula. Baba yake akamuuliza kama anaumwa. Akasema haumwi. Kisha, bila kutuangalia, akaeleza. Mwalimu aliuliza nusu ni ngapi kwa desimali. Yeye akanyoosha mkono kabla ya wote, akasimama, akasema sifuri nukta nne. Darasa zima likacheka. Mwalimu akasema, fikiria tena. Akafikiria, akasema ni sifuri nukta nne. Mwalimu akamwambia ni nukta tano, kwa sababu nukta hugawa kitu mara kumi, na nusu ya kumi ni tano. Mwingine angekaa chini. Binti yetu hakukaa. Akasema mwalimu amekosea, baba yake ni fundi, anapima kila siku, na nyumba za watu hazijaanguka.

"Ukasema hivyo?" baba yake akauliza.

"Nikasema hivyo."

Basi watoto wakacheka mpaka wengine wakalala juu ya madawati. Wakampa jina hapo hapo: Nukta Nne. Wakati wa mapumziko walimwimbia. Mwalimu, Mungu ambariki, hakumcheka. Alimwita pembeni, akamuuliza baba anapimaje, akaelewa, akamwambia baba yako anahesabu kwa nane na nukta ya shule inahesabu kwa kumi. Lakini nani husikia maneno ya mwalimu wakati darasa zima linamwimba?

Na mimi nikacheka. Sikukusudia. Ni ile "nyumba za watu hazijaanguka", alivyoisema kwa sauti ya baba yake kabisa. Nilicheka nikiwa na tonge mdomoni, na nilipoinua macho nikamwona mume wangu. Masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi. Aliinuka taratibu, akasema anakwenda kuangalia kama gundi aliyoipaka imekauka. Karakana ilikuwa imefungwa tangu saa kumi na mbili, na gundi yenyewe ilikuwa ya juzi.

Kuanzia hapo mtoto akaacha kuja na daftari.

"Leo mmepewa kazi gani?" baba yake humuuliza.

"Hatujapewa, baba."

Kesho yake tena hawajapewa. Wiki nzima shule nzima ikawa haitoi kazi za nyumbani. Mume wangu akawa anaitikia, "Sawa, pumzika," na kurudi kwenye randa yake. Kioo ndiye aliyenong'ona kwangu kwamba amemwona binti yetu ameketi kwenye ngazi za shule, daftari magotini, anaandika haraka haraka kabla ya kurudi. Na harudi tena kwa barabara kubwa. Anazunguka nyuma, kwenye kile kichochoro chenye matope, ili wenzake wasipite naye mbele ya karakana. Niliposikia hilo nilitaka kwenda kumvuta sikio mbele ya hao wenzake. Nikajizuia, maana ningefanya hivyo angepata jina la pili.

Mume wangu naye alijua kuhusu kichochoro. Aliyaona matope kwenye viatu vyake. Aliviosha viatu, akaviegemeza ukutani vikauke. Nilimwona anavyovisugua nikajisikia vibaya kuliko kama angegomba.

Ndipo akaanza kusoma, kwa siri yake ya kitoto. Alimwendea Kioo, maana Kioo hukata vioo kwa milimita na ana kikokotoo mezani.

"Kuna mteja ananisumbua," akasema. "Anataka vipimo vya nukta. Ile ya kumi."

"Mteja gani?"

"Humjui."

"Yuko darasa la ngapi huyo mteja?" Kioo akauliza.

Mume wangu akageuka aondoke. Kioo, ambaye ana mdomo lakini hana roho mbaya, akamshika mkono, akamkalisha juu ya ndoo na kumwonyesha kwamba sehemu ni kugawanya tu. Tatu ya nane ni tatu gawanya kwa nane. Tatu haigawanyiki kwa nane, weka sifuri, weka nukta, ifanye thelathini. Thelathini kwa nane ni tatu, inabaki sita. Sitini kwa nane ni saba, inabaki nne. Arobaini kwa nane ni tano, hakuna kinachobaki. Sifuri nukta tatu saba tano. Mume wangu aliitazama ile hesabu kwa muda. "Mimi nilimwambia nukta tatu," akasema. Kioo akajibu kwamba basi hakuwa mbali sana, na ndiyo maana milango inafunga. Hakucheka wala nini, lakini mume wangu alirudi ameinamisha kichwa.

Akaanza kufanya hesabu kwenye vipande vya mbao vilivyobaki, kwa ile penseli yake bapa. Suti zote nane alizigeuza kuwa desimali. Nukta moja mbili tano, nukta mbili tano, nukta tatu saba tano, hivyo hivyo. Zote ziliisha baada ya hatua chache na hakikubaki kitu, akafurahi, kwa sababu seremala hupenda kitu kiishe. Halafu akajaribu theluthi. Kumi kwa tatu ni tatu, inabaki moja. Kumi kwa tatu ni tatu, inabaki moja. Akajaza ubao mzima kwa tatu. Akaona amekosea mahali, akaupiga randa ubao ule mpaka ukawa mweupe, akaanza upya, akaujaza tena kwa tatu zile zile.

Theluthi mbili ikamtia hasira zaidi. Kwa mkono wake alipata sita, sita, sita, hazikomi. Kwenye kikokotoo cha Kioo zilikuja sita zimejipanga vizuri na mwishoni kabisa saba.

"Hii saba imetoka wapi?" akauliza, kama mtu aliyekuta mgeni kitandani kwake.

Kioo akamweleza kwamba mashine imeishiwa nafasi, kwa hiyo tarakimu ya mwisho inaikadiria, inaipandisha. Sita hazijaisha, ni kioo cha kikokotoo tu ndicho kidogo. Mume wangu aliona hiyo ni tabia mbaya kwa mashine. Ikiwa haijui mwisho, iseme haijui.

Nilikuwa napaka vanishi kabati la nguo siku alipogawa moja kwa saba. Aliandika moja, nne, mbili, nane, tano, saba. Akaendelea kuandika, anatikisa kichwa, midomo inacheza. Kisha akasimama.

"Mama," akaniita, "njoo hapa. Imerudi."

"Nani amerudi?"

"Njoo uone."

Nikaenda na brashi mkononi. Ubao ulikuwa na 0.142857142857, na pembeni yake alikuwa ameandika mabaki, yaani kilichobaki kila mara alipogawa: tatu, mbili, sita, nne, tano, moja. Akanionyesha kwa ncha ya penseli. Ukigawa kwa saba, kinachobaki lazima kiwe chini ya saba, na hakiwi sifuri, kwa hiyo ni moja mpaka sita tu, hakuna kingine. Vyote sita vimeshatoka. Kwa hiyo kitakachofuata ni lazima kiwe kimojawapo cha vilivyokwisha kutoka, na kikija hicho, yote yaliyokifuata mwanzo yatakifuata tena. Umeanza na moja, ukirudi kwenye moja unaanza njia ile ile. Halafu akanipa mbili ya saba: mbili, nane, tano, saba, moja, nne. Tarakimu zile zile, mzunguko ule ule, ila umeingilia mahali pengine.

"Na hizi suti zetu zinaisha kwa sababu nane ni mbili mara mbili mara mbili, na mbili inaingia kwenye kumi," akasema. "Tatu haiingii kwenye kumi. Saba haiingii. Hizo hazitaisha hata ungekuwa na mbao za msitu mzima. Nilidhani nakosea, mama. Kumbe sikuwa nakosea."

Alikuwa na vumbi kwenye nyusi na macho yamemtoka. Sijamwona hivyo tangu binti yetu alipozaliwa. Nilimwambia ni vizuri, na nilimaanisha.

Akangoja Jumamosi. Akauchagua ubao msafi, akaupiga msasa mwenyewe, akaiandika upya ile hesabu kwa mwandiko wa kupendeza, akauweka mezani nyumbani. Mtoto alipoamka akamwita. Akamweleza yote: mabaki, mzunguko, mbili ya saba, kwa nini nane inaisha na tatu haiishi. Hakukosea hata mara moja. Mimi nilikuwa nafua pale nje ya mlango, nimetega masikio.

Binti yetu alisikiliza mpaka mwisho, mikono magotini.

"Ndiyo, baba," akasema. "Tulishafanya. Zinaitwa desimali zinazojirudia. Unaweka kinukta juu ya tarakimu inapoanzia na inapoishia."

"Aa. Kinukta."

"Ndiyo. Hongera, baba."

Hiyo hongera ndiyo iliyommaliza. Ilikuwa ile tunayowapa watoto wadogo wakiweza kunawa mikono wenyewe. Mtoto hakukusudia ubaya, alikuwa anamhurumia, na mtu mzima kuhurumiwa na mtoto wake wa kumzaa ni jambo gumu kulimeza. Akamwambia, "Ukiwa na swali lolote sasa, ulete." Mtoto akajibu, "Sina swali, baba," akaenda kuoga. Mume wangu aliuchukua ubao wake akaurudisha karakana chini ya kwapa, maandishi yameelekea ndani.

Siku chache baadaye, wakati wa mchana, mwalimu wa hesabu akaja karakana. Ni mwanamke mwembamba, mchangamfu, anaongea huku anatembea. Alikuwa amebeba stuli iliyolegea mguu. Binti yetu naye alikuwa pale. Alikuja mara moja tu kuchukua ufunguo wa nyumba, na alikuwa amesimama mlangoni nao mkononi.

"Fundi! Pole na safari," mwalimu akasema. "Umerudi lini?"

Mume wangu akamtazama. Mimi nikamtazama mume wangu.

"Nilimwambia binti yako akukaribishe darasani," mwalimu akaendelea, akiiweka stuli chini. "Tunaita wazazi waonyeshe sehemu na desimali kwenye kazi zao. Mama mshonaji amekuja, mpishi naye amekuja na vikombe vyake vya kupimia unga, watoto wamefurahi mno. Wewe ndiye niliyekutaka wa kwanza. Tangu siku ile ya nukta nne nataka waone kwamba kuhesabu kwa nane si ujinga. Akaniambia umesafiri."

Nilimgeukia mtoto. Alikuwa ameganda. Ufunguo ulikuwa umebanwa kwenye ngumi, na uso wake, Mungu wangu, sitaki kuuona tena uso ule kwa mtoto wangu. Alikuwa akingoja baba yake aseme yuko hapa siku zote, hajatoka hata kwenda sokoni. Nami nilikuwa nangoja hivyo hivyo. Hata ulimi wangu ulishaanza kuwasha.

"Nimerudi jana," mume wangu akasema.

"Vizuri sana! Basi njoo kesho, ndiyo siku ya mwisho. Uje na tepu yako tu na kipande cha mbao."

Hapo nilijua anavyotamani. Mtu yule alikuwa na mbao tele zimejaa hesabu nyuma ya kabati. Angeweza kusimama mbele ya watoto wale na kuwaeleza suti na nukta, ya nane na ya kumi, na jina la Nukta Nne lingeisha siku hiyo hiyo. Akamwangalia binti yake mlangoni. Mtoto akaangalia chini.

"Kesho naondoka tena, mwalimu," akasema.

"Tena? Wapi?"

"Huko. Kuna kazi ya milango."

Mume wangu hajui kudanganya. Alisema "huko" akionyesha upande wa choo. Mwalimu akaangalia huko, akaniangalia mimi, akasema haya, safari njema, stuli ataifuata baadaye. Akaenda zake. Mtoto akabaki amesimama. Baba yake hakumgombeza, hakumuuliza neno. Alimwambia tu aende nyumbani akapumzike, kisha akaigeuza ile stuli juu chini na kuanza kuukagua mguu.

Jioni nilifungua mdomo ili nimchambue yule mtoto kama karanga. Mume wangu akanizuia.

"Muache."

"Nimuache? Amekuua ungali hai!"

"Muache, nimekwambia. Nilimpeleka mbele za watu na uongo, wakamcheka. Kama ingekuwa mimi na baba yangu, ningesema amesafiri vile vile."

"Hukumpeleka na uongo. Hukujua."

"Kwa mtoto ni kitu kimoja," akasema.

Kesho yake hakufungua karakana. Angefunguaje, na mwalimu hupita pale kila asubuhi? Mtu aliyesafiri haonekani anapiga randa. Nami nikabaki nyumbani kwa hasira, nafagia mahali pasipo na taka. Alikuwa ameketi kitandani, pazia limefungwa, amevaa nguo za kulalia, mikono haijui ifanye nini.

"Utakaa humo kama mwizi?" nikamwuliza.

"Nimesafiri."

"Umefika wapi?"

"Hapa hapa," akasema, na tukacheka kidogo, kicheko kibovu kisichofika popote. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Pengine ni heri. Wangeniuliza niliishia darasa la ngapi."

"Nani angekuuliza?"

"Watoto huuliza, mama. Na yeye angekuwepo, anasikia. Ningemwambia nini?"

Nikakaa kando yake. Miaka yote hii nilidhani aliwaficha watu, kumbe alikuwa anamficha mmoja tu. Nikamshika mkono, mgumu ule, wenye kidole kimoja kilichopinda, na nikamwonea aibu na huruma kwa pamoja, na kujionea aibu mimi kwa kicheko changu cha siku ile mezani.

Mlango wa mbele ukafunguliwa kwa kishindo. Ilikuwa bado asubuhi, haikuwa saa ya mtoto kurudi. Akaja mpaka mlangoni pa chumba chetu, anahema, soksi moja imeteremka. Alikuwa amekimbia.

"Kuna nini?" nikaruka. "Nani kaumia?"

"Hakuna." Alikuwa anamtazama baba yake, pale kitandani, na zile nguo za kulalia. "Nimepita karakana asubuhi. Nimeona kufuli."

Baba yake akavuta shuka magotini.

"Mwalimu anasema uje."

"Mimi nimesafiri, mwanangu."

"Nimemwambia hukusafiri. Nimesimama nimesema mbele ya wote. Nimesema nilidanganya, na wewe ukadanganya kwa ajili yangu."

"Kwa nini umesema hivyo?"

"Mwalimu aliniuliza kwa nini nilidanganya. Nikamwambia nilikuwa naona aibu."

"Aibu ya nini?" Alijua, sijui kwa nini aliuliza. Labda alitaka kuisikia imetamkwa, imalizike.

Mtoto akaivuta juu ile soksi. "Yako, baba."

Nilitaka kuingilia kati, nikafunga kinywa kwa nguvu zangu zote. Mume wangu akavuta pumzi.

"Na sasa hivi?" akamwuliza.

Mtoto alifikiri kweli, kama anavyofikiri kwenye hesabu, amekunja uso. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta.

"Bado naona," akasema. "Lakini njoo."

Mume wangu akasimama, akasimama tu pale katikati ya chumba, kisha akanigeukia na kuniuliza avae shati lipi.